Kusukumwa Si Kusalimika

Wako watu waaminio kwamba mtu aketiye katika kiti cha magurudumu hupata usalama wake kwa mikono ya mwingine. Kwa rai yao, mwenye kiti ni kama gunia la mahindi juu ya mkokoteni: likisukumwa na mwenye nguvu hufika, likiachwa pekee huanguka. Rai hii imeenea majumbani, sokoni, shuleni na hata katika ofisi za watu wenye elimu. Husemwa kwa sauti ya upole, na kwa sababu hiyo ni nadra kupingwa. Mimi naipinga. Nasema kuwa usalama wa mwenye kiti u katika mizani ya mwili wake, na mizani hiyo ni elimu ifundishikayo kama hesabu na kuandika. Amnyimaye mtu elimu hiyo kwa kumhurumia amemtia hatarini, hata kama machozi ya huruma yamemjaa machoni.

Sikuzaliwa na rai hii. Niliipata kwa aibu, na yafaa nieleze jinsi nilivyoipata. Nafundisha katika shule moja ya kutwa iliyo karibu na mtaa wa Elgon View, katika Eldoret, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2024. Jina la mtaa huo lautaja mlima Elgon, ulio upande wa machweo, mpakani mwa Kenya na Uganda. Mtaa una nyumba nzuri, malango marefu na miti ya kivuli. Lakini nchi ya Uasin Gishu ni ya juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua zake si haba. Mvua ikinyesha, kingo za lami humegeka, changarawe husombwa mpaka katikati ya njia, na mitaro hubaki wazi kama vinywa. Mwenye kwenda kwa miguu huruka akapita bila kufikiri. Mwenye kwenda kwa magurudumu hana budi kufikiri katika kila dhiraa ya njia.

Katika darasa langu la kidato cha tatu alikuwamo mvulana atumiaye kiti cha magurudumu. Asubuhi moja ya mwezi wa Mei alikuwa akiteremka polepole kuja shule, viganja vyake vikiyashika yale maduara ya chuma yaliyo ubavuni mwa magurudumu makubwa. Mtu mmoja mwema alimwona akamhurumia. Alishika vishikio vya nyuma bila kumwuliza, akasema, "Pole, kijana, nitakufikisha," akamsukuma kwa kasi. Gurudumu dogo la mbele liligonga jiwe. Kiti kilisimama, kijana hakusimama. Alitupwa mbele akaangukia uso, akavunjika jino na kupasuka kipaji.

Walimu tulikutana siku ile ile. Tuliamua ya kwamba tangu hapo mwanafunzi huyo asitoke darasani bila mtu wa kumsukuma. Hakuna aliyemwita ili aulizwe. Nami niliinua mkono kuunga mkono uamuzi huo, nikaenda nyumbani na moyo mtulivu wa mtu aliyetenda wema. Muda wote uliobaki wa muhula kijana alikaa dirishani wakati wa mapumziko, maana wenzake walikuwa na michezo yao, na zamu ya kumsukuma haikuwa na mwenyewe. Siku moja nilimwuliza kwa nini amekuwa mkimya. Akanijibu kwa adabu: "Mwalimu, mimi sikuangushwa na kiti. Niliangushwa na aliyenisukuma, nanyi mmeniongezea wasukumaji."

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kutafuta maarifa, na niliyoyapata nawaletea ninyi, wanafunzi, kwa kuwa mwaweza kuyapima kwa somo lenu la fizikia.

Kila kitu kina kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wake wote ni kama umekusanyika. Kitu hukaa imara maadamu mstari ushukao wima kutoka katika kitovu hicho waangukia ndani ya eneo lililozungukwa na nyayo zake. Nyayo za kiti cha magurudumu ni nne: magurudumu mawili makubwa ya nyuma na mawili madogo ya mbele. Kiti kikiwa mahali tambarare, mstari huanguka kati ya nyayo hizo, karibu zaidi na magurudumu makubwa. Kikipanda mlima, mstari husogea nyuma. Ukiyavuka magurudumu makubwa, kiti hupinduka chali. Kikishuka, mstari husogea mbele, na mwenye kiti huweza kumwagika kama maji ya ndoo. Basi ni nani awezaye kuurudisha mstari huo mahali pake? Ni yule ambaye sehemu kubwa ya uzito ni yake. Yeye akiinamisha kifua mbele apandapo, na akiegemea nyuma ashukapo, ameisawazisha mizani kwa tendo ambalo msukumaji hawezi kulitenda kwa niaba yake.

Elimu ya mizani ina kanuni zake, nazo si siri. Apandaye husukuma kwa mapigo mafupi yasiyo ya ghafula. Ashukaye huyaachia maduara yateleze polepole viganjani, mkono wa kulia sawa na wa kushoto. Wala hatumii breki ya kuegeshea, kwa kuwa breki hiyo imewekwa kwa ajili ya kiti kilichokwisha simama, na kuifunga kiti kikiwa mwendoni ni kujitupa. Apitaye ubavuni mwa mteremko hujua kuwa kiti chataka kugeukia chini, basi huegemea upande wa juu na kuongeza nguvu katika mkono wa upande wa chini. Atakaye kuhama kitini hufunga breki zote mbili na kuviondoa vibao vya miguu njiani; havikanyagi kamwe, maana akivikanyaga kiti kitamwinukia. Mkoba mzito wa vitabu hautundikwi nyuma ya kiti wakati wa kupanda, kwa sababu huvuta uzito kule kule kwenye hatari. Mipira ya magurudumu hutiwa upepo wa kutosha, kwa kuwa breki nyingi hushika kwa kuubana mpira, na mpira uliolegea haushikiki.

Juu ya hayo yote uko ustadi wa kuinua magurudumu madogo na kujisawazisha juu ya yale makubwa mawili, ili kupita jiwe, ufa au mfereji mdogo. Ustadi huo hujifunzwa mahali laini, kwa siku nyingi, na msimamizi husimama nyuma mikono yake ikiwa tayari. Hata kuanguka kuna elimu yake: kiti kikipinduka chali, mwenye kiti huleta kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, na huzuia magoti yasimpige usoni. Lau yule kijana angaliachwa aende kwa mwendo wake asubuhi ile, angalikuwa na nafasi ya kuliona jiwe na kulikwepa. Kasi ilimwondolea nafasi hiyo, na kasi haikuwa yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wenyeji wa Eldoret hawastahili kuyaona mambo haya kuwa mageni. Huu ni mji wa wakimbiaji. Kiwanja chake cha michezo kina jina la Kipchoge Keino, aliyeshinda mbio za mita 1,500 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Kila alfajiri vijana huonekana kandokando ya barabara wakikimbia, na kila mmoja amefundishwa jinsi ya kuinama mlimani, jinsi ya kulegeza magoti mteremkoni, na jinsi ya kuweka unyayo penye changarawe. Je, yuko hata mzee mmoja aliyewahi kusema kwamba vijana hao wabebwe ili wasijikwae? Hayuko. Twajua kwamba mwili hujilinda kwa mazoezi. Basi kwa nini ujuzi huo twausahau mara tuonapo kiti? Au twadhani kwamba aliyepungukiwa nguvu za miguu amepungukiwa akili pia? Hakuna athubutuye kusema hivyo kwa kinywa, lakini mikono yetu husema hivyo kila siku tushikapo kiti cha mtu bila ruhusa.

Nje ya nchi yetu rai hii ilikwisha shindwa zamani. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianza kuongoza wodi ya watu waliovunjika uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwalaza wagonjwa wa namna hiyo kitandani mpaka kifo kiwachukue. Daktari huyo aliwaketisha, akawafundisha kusawazisha kiwiliwili, akawatia katika kazi na michezo. Tarehe 29 Julai 1948 askari 16, wanaume kwa wanawake, walishindana kulenga mishale wakiwa katika viti vyao. Kutoka katika uwanja huo mdogo ilizaliwa michezo ya Roma ya mwaka 1960, ambayo leo huhesabiwa kuwa Paralimpiki ya kwanza. Wagonjwa wale hawakuokolewa na shuka nyeupe. Waliokolewa na mtu aliyewaamini kiasi cha kuwafundisha.

Wala si lazima twende mbali kiasi hicho. Anne Wafula Strike, mzaliwa wa magharibi mwa Kenya, aliugua polio utotoni. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Moi, kilicho katika nchi hii hii ya Uasin Gishu, akawa mwalimu, na mwaka 2004 akaiwakilisha Kenya katika mbio za viti vya magurudumu kwenye Paralimpiki ya Athens. Kiti cha mashindano hukimbia kwa kasi ambayo mtembea kwa miguu hawezi kuifuata. Nani angalimsukuma?

Sasa nitazijibu hoja za wapinzani wangu, nao ni watu wema, kwa hiyo nitawajibu kwa heshima. Hoja yao ya kwanza ni kwamba ajifunzaye ataanguka. Ni kweli, yumkini ataanguka. Lakini kuanguka juu ya majani, mikono ya msimamizi ikiwa nyuma yako, ni somo. Kuanguka barabarani, bila ujuzi wowote, ni ajali. Mtoto ajifunzaye kutembea huanguka mara nyingi kwa siku, na mama yake hamfungi kitandani. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Hoja ya pili ni kwamba wako watu ambao mikono yao au viwiliwili vyao havina nguvu, nao hawawezi kujisukuma. Hoja hii naikubali. Kwao kuna mkanda wa kiunoni, kuna vigurudumu vya nyuma vizuiavyo kiti kisipinduke, na kuna msaidizi. Lakini msaidizi naye afundishwe. Ajue kuuliza kabla ya kushika. Ajue kushika sehemu zilizokazwa, kwa kuwa vishikio vya mikono vya viti vingine huchomoka. Ajue kukishusha kiti kinyumenyume penye kingo au mteremko mkali, magurudumu makubwa yakitangulia chini. Na mwenye kiti abaki kuwa kiongozi wa safari, kama vile abiria wa teksi, asiyeshika usukani, abakivyo kuwa mwenye kusema aendako.

Hoja ya tatu ni gharama. Husemwa kwamba shule zetu ni maskini na mambo haya ni ya nchi tajiri. Nawaomba wasemao hivyo watembelee uani mwa shule yetu. Baraza la madarasa lina kimo cha sentimita 45. Ili kiti kipande, fundi alijenga njia ya saruji yenye urefu wa mita 1 na nusu, tukapiga makofi. Kipimo kinachotumiwa sana na wajenzi duniani ni kimo 1 kwa urefu usiopungua 12. Zidisha 45 kwa 12: njia yetu ilitakiwa kuwa na urefu wa sentimita 540, yaani mita 5 na sentimita 40. Tuliyoijenga ina mwinuko wa zaidi ya mara tatu ya unaofaa. Mwenye kiti akiipanda peke yake hupinduka, basi sisi tukasema, "Mnaona? Hawezi kwenda peke yake." Tulijenga udhaifu kwa saruji yetu wenyewe, kisha tukauandika kwa jina la mtoto. Tulikosa hesabu ya darasa la saba, na hesabu hiyo haiuzwi dukani.

Kuna na kosa lingine, la wale watoao sadaka. Mara nyingi tumeona viti vikigawiwa hadharani. Hotuba husomwa, picha hupigwa, na aliyepewa husukumwa hadi nyumbani asijue breki ilipo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 mwongozo wa utoaji wa viti vya magurudumu vya kusukumwa kwa mkono katika nchi zenye uwezo mdogo. Mwongozo huo uliigawa huduma katika hatua 8. Mtu hupimwa, huchaguliwa kiti kimfaacho, na kiti hulinganishwa na mwili wake. Hatua ya 7 ni kumfundisha, na ya 8 ni kumfuatilia na kukitengeneza kiti. Mwongozo mwingine wa mwaka 2023 nao umeyaweka mafunzo miongoni mwa mambo ya lazima. Katika Moshi, Tanzania, chuo cha TATCOT kilicho kwenye viwanja vya hospitali ya KCMC kimefundisha mafundi wa kazi hii. Basi maarifa yapo karibu nasi. Atoaye kiti bila mafunzo ni kama agawaye vitabu kwa watu ambao hakuwafundisha kusoma, kisha akajisifu kuwa amewaelimisha.

Mtu aweza kusema kwamba sheria imekwisha tutosheleza. Naam, sheria tunayo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na haki ya kufika mahali pote na kutumia vyombo vya usafiri wa umma kwa kadiri ifaayo. Mwaka 2025 ilipitishwa Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, ikachukua mahali pa ile ya mwaka 2003. Lakini sheria haipandi baraza. Neno la heshima lililoandikwa katika Katiba hupata mwili pale tu fundi apimapo saruji yake, dereva wa matatu asubiripo, na mpita njia aulizapo, "Nikusaidie?" kisha akalikubali jibu, liwe ndiyo au hapana.

Kwa hiyo nawaachia ninyi wanafunzi kazi mbili. Ya kwanza ni ndogo: chukueni utepe wa kupimia, pimeni kimo na urefu wa kila njia ya mteremko iliyo katika shule yenu, gawanyeni, na peleka jibu kwa mwalimu mkuu kwa maandishi yenye adabu. Ya pili ni kubwa zaidi, maana ni ya moyo: izuieni mikono yenu. Mwonapo mwenzenu katika kiti akipigana na mlima, msimkimbilie kana kwamba anazama. Mwulizeni. Akitaka msaada, fuateni maagizo yake. Asipotaka, tembeeni ubavuni pake mkizungumza habari za masomo.

Yule kijana wetu amekwisha anza kujifunza. Mtaalamu wa tiba ya viungo alikuja mara kadhaa, akatuonyesha sote wawili. Kila Jumamosi asubuhi, penye majani makavu nyuma ya madarasa, yeye huinua magurudumu madogo na kuitafuta mizani yake, nami husimama nyuma ya kiti, mikono yangu ikiwa karibu na vishikio pasipo kuvigusa. Nimewahi kubeba mizigo na nimewahi kusukuma gari lililokwama matopeni, lakini sijapata kazi ngumu kama hiyo ya kuizuia mikono. Njia ya saruji ingali na mita 1 na nusu. Uamuzi wetu wa mwezi wa Mei ungali katika kitabu cha mikutano, na sahihi yangu imo. Katika mkutano ujao nitaomba ufutwe, na safari hii, kabla ya mwalimu yeyote kuinua mkono, nitaomba kijana aitwe asemwe naye, si asemewe.